Matawi ya Chini

Shambani, njia ya Vitongoji,
Chake Chake, Pemba.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Nawapigia magoti hapa mbele ya meza yangu ya mbao za mkarafuu, ingawa najua utasema magoti ya kwenye karatasi hayashiki vumbi. Kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zilipokatika? Na wewe, ule mguu ulioteguka kwenye ngazi za kanisa, unakanyagia sasa au bado unajitia shujaa? Mimi mwili wangu ni mzima. Nalala, naamka, nafanya kazi. Roho ndiyo imekonda, na kwa sababu hiyo barua hii itakuwa ndefu. Msomee Mama polepole, na ukifika mahali pa kukasirika, tafadhali maliza kwanza.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama bado nasali. La pili, kama nimejilinda na vyungu vya watu, yaani kama bado najipikia na kula peke yangu, kama ulivyoniagiza siku ile stesheni ya Muheza uliponishika bega ukanikumbusha lile neno la Walawi, kwamba tuwe watakatifu kwa kuwa Mungu wetu ni mtakatifu. Ukaniambia, "Yohana, mtakatifu ni aliyetengwa. Unakwenda kwa watu wasio wa kanisa. Salimiana nao, fanya nao kazi, lakini sahani yako iwe yako."

La kwanza ni jepesi kujibu. Nasali, Baba. Padri huja kutoka Unguja kwa nadra, na akija hukutana na wabara wachache mjini Chake, na mara nyingi habari zake hunifikia ameshapanda meli kurudi. Basi Jumapili nafunga mlango wa kibanda changu, natandika kitambaa cha Mama mezani, nasema maneno ya padri katika misa. Kisha nazunguka upande wa pili wa meza kujibu ya watu. Mwanzo nilikuwa najicheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu nikifika upande ule wa watu naona jinsi ulivyo mtupu. Wimbo nao hauimbiki na mtu mmoja. Naanza sauti ya kwanza, nasikia mahali ambapo Dada angeingia na sauti ya pili, pamekaa kimya, nami nanyamaza.

La pili nalo nimelitimiza, Baba, tangu nilipokuja mpaka wiki hii. Na hilo ndilo ninalotaka kukueleza.

Kazi yangu unaijua: mimi ni msimamizi wa shamba la mikarafuu la Bwana Nassor, mtu wa Chake, mwenye heshima zake. Nakaa hapa hapa shambani. Majirani zangu wote ni Wapemba, na jina la Yohana haliwakai mdomoni, wananiita Yahya. Wananiambia ni mtu yule yule, mtume wa kwao na wa kwetu. Sijawakatalia, lakini huwezi kujua, Baba, ilivyo kukaa muda wote huo bila kusikia mtu akikuita kwa jina uliloitwa na mamako. Tena siku hizi ni za siasa. Watu wamegawanyika hata kwenye kununua chumvi, huyu haingii duka lile, yule haendi maziko ya huyu, na mbara akipita barazani mazungumzo hukatika mpaka apotee kwenye migomba. Hawanitukani. Wananyamaza tu, na kimya cha watu wanaopenda kusema kama hawa kinauma.

Ajabu yao ni moja. Hata aliyekunyamazia, ukipita kwake wakati wa chakula atakuita, "Karibu, Yahya." Huku mtu akiona unakatiza mbele ya sinia lake bila kukaribishwa, aibu ni yake. Na jibu langu mimi limekuwa lile lile, asubuhi na jioni: "Ahsanteni, nimeshakula." Mwezi wa Ramadhani waliniletea futari imefunikwa kawa, ndizi zilizopikwa kwa nazi, nikasema tumbo linaniuma. Wakanirudia na dawa ya tumbo! Nikainywa, kwa haya, na ilikuwa chungu kuliko mwarobaini wa Shangazi.

Sasa nikueleze habari ya mpeta. Karafuu huchumwa kabla haijafunguka. Wachumaji wanapanda juu na makanda yao ya ukili, wanakunja matawi, wanachuma. Lakini zipo zinazopukutika zenyewe, au zinazoponyoka mkononi, zikalala chini kwenye majani. Hizo ndizo mpeta. Baada ya wachumaji kupita, wanawake, hasa wajane na wasio na mti hata mmoja, huingia chini ya mikarafuu wakaziokota. Kila mmoja anajaza kipakacha chake, anakwenda kuanika mbele ya nyumba yake, na akiuza anapata mafuta ya taa na unga. Ndivyo walivyofanya siku zote. Hakuna mwenye shamba aliyeandika ruhusa, na hakuna aliyeomba.

Miongoni mwao yuko Bi Mize. Ni mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya kibonde tu kutoka kwangu. Macho yake yameingia ukungu mweupe, haoni. Huja asubuhi na fimbo, anapiga magoti chini ya mti, anapapasa. Mikono yake inatembea juu ya majani kama ya Mama anapochagua mawe kwenye mchele, na haikosei: jani analiacha, karafuu anaiweka kipakachani. Mimi ananijua kwa viatu, maana wengine wote shambani ni miguu mitupu.

"Yahya huyo. Viatu vyako vyalia. Wambaje?"

"Sijambo, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ushakula?"

"Nimeshakula."

Kila siku ya Mungu, Baba. Na mara nyingi sikuwa nimekula kitu, kwa sababu mtu anayejipikia peke yake hufika mahali akaona uvivu hata kuwasha moto.

Msimu huu Bwana Nassor alikuja na hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu. Baadhi ya wachumaji hudondosha karafuu makusudi, tena kwa wingi, ili wake zao wanaofuata nyuma waokote. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na mmoja nilimsimamisha kazi. Lakini Bwana Nassor akasema hataki tena kubagua nani mwizi na nani maskini. Akaniita chini ya dungu, lile jukwaa la kuanikia karafuu, akaniambia, "Yahya, upande wa bondeni wachumaji wameshamaliza. Kata matawi ya mdimu, yenye miiba mirefu, utandaze chini ya mikarafuu yote ya upande ule. Funika na majani kidogo. Wakichomwa siku moja, ya pili hawaji."

Nikamwambia nitafanya Jumatatu, kwa kuwa kesho yake ni siku yangu ya sala. Akakubali, hana neno katika mambo hayo.

Jumapili ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilipomaliza kujijibu mwenyewe pale mezani sikuwa na pa kwenda, nikafungua Walawi kutafuta lile neno lako, nipate nguvu. Baba, mimi lile neno nalijua kwa moyo tangu utoto, lakini nakiri sikuwahi kusoma linakoendelea. Nilidhani baada ya kuamriwa tuwe watakatifu, Mungu atasema tusiguse hiki, tusikaribie kile. Nikasoma. Akaanza na kumheshimu mama na baba, sawa. Mbele kidogo akaingia shambani! Akasema mtu akivuna asimalize mpaka pembeni, wala asirudi kuokota yaliyoanguka, ayaache kwa maskini na kwa mgeni. Nikaweka kidole pale nikasema, hii ni mpeta. Mungu anaijua mpeta.

Nikaendelea. Msiibe. Msidanganye wala msiambiane uongo. Hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema nimeshakula. Yaani, Baba, ili niwe mtakatifu mimi nilikuwa nasema uongo asubuhi na jioni, na kwa kikongwe! Kisha nikafika pale anapokataza kumlaani kiziwi, na kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Nikafunga kitabu. Mvua ilikuwa inapiga makuti, na shoka la kukatia matawi ya mdimu lilikuwa limeegemea mlangoni, nimeshalinoa tangu Jumamosi.

Nikakukumbuka wewe, na ile mistari ya mwisho ya mahindi karibu na njia. Kila mwaka tulikuwa hatuivuni. Mama akinung'unika, wewe ukisema umechoka, tutamaliza kesho, na kesho yake tunakuta mjane wa fundi seremala ameshapita na kikapu chake. Mimi nilikuwa naona haya, nikiamini kweli babangu ni mvivu. Hukutuambia ni amri. Hukututajia hata sura ya kitabu. Kumbe ulikuwa unatimiza Walawi ukijisingizia uchovu.

Jumatatu nikamwendea Bwana Nassor. Nilimwambia nitalinda. Nitakaa na wachumaji tangu alfajiri mpaka jua lizame, na mchumaji atakayedondosha makusudi nitamleta mbele yake, hata awe rafiki yangu, nami sina rafiki. Lakini miiba sitatandaza.

"Kwa nini?"

"Kuna mmoja haoni, Bwana. Anapapasa kwa mikono."

"Asiyeona akae kwake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

"Huu hatajichoma, Bwana. Nitakuwa nimemchoma mimi."

Si mtu mbaya, Baba, sitaki umchukie. Zaka yake huitoa, na msiba ukitokea hutuma ng'ombe. Akasema, "Sadaka natoa kwa mkono wangu, Yahya. Sitolewi mfukoni. Hilo ndilo unalonifundisha?"

Nikamjibu kwamba shamba ni lake na mimi siwezi kutoa cha mtu. Amri iliyonikataza kutega miiba ndiyo iliyonikataza kuiba, kwa hiyo simpi mtu ruhusa ya kuokota kwa niaba yake. Ninachokataa ni mkono wangu kushika ile miiba. Akasema, "Basi sikukuajiri uje kunisomea vitabu. Karafuu zikishakauka na kupakiwa, funga mzigo wako." Nikasema vyema, Bwana.

Akamwagiza Faki, mnyapara wa wachumaji, mzee wa hapa hapa. Faki akajikuna kidevu, akasema mgongo wamuuma. Siku aliyoagizwa ndiyo siku niliyomwona amepanda mkarafuu mrefu kuliko yote! Mwishoni Bwana Nassor alileta watu wa mjini, wakaifanya kazi jioni moja, wakaondoka.

Alfajiri iliyofuata nikatoka kwenda kumngojea Bi Mize njiani kabla hajafika. Nikamkuta Faki amesimama pale pale, ametoka msikitini, kanzu ameikunja. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani. Wale watu wa mjini, kwa haraka yao, walikuwa wametupa matawi mengine mpaka kwenye njia ya miguu inayopita watu wote kwenda kisimani.

"Ya shambani ni yake," akasema Faki. "Ya njiani hino ni ya watu. Kwetu siye, Yahya, kuondoa cha kudhuru njiani ni katika imani. Kwenu je?"

Nikasema hata kwetu. Tukainama tukaiondoa, yeye upande huu, mimi upande ule. Kidole changu kimoja bado kimevimba, ndiyo maana mwandiko wangu leo umelala. Tulipomaliza akaniambia "Ahsante, baba," akaenda zake kupanda mtini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hapa kuniita baba.

Kisha nikasikia fimbo ya Bi Mize, nikakohoa.

"Yahya? Mbona viatu havilii leo, umesimama?"

"Bi Mize, upande wa bondeni usiingie tena. Kuna miiba."

Hakuuliza nani ameiweka. Akasema tu, "Haya. Riziki hafungi mmoja." Akageuza fimbo arudi alikotoka, na kipakacha chake kitupu.

Sasa ni lazima ujue, Baba, kwamba kwa desturi ya hapa msimamizi hupewa mkarafuu mmoja ulio karibu na kibanda chake, auchume mwenyewe, uwe wake. Bwana Nassor kwa hasira zake zote hakuninyang'anya, maana neno lake ni neno. Nilikuwa bado sijauchuma. Nikafikiri: hili ndilo shamba langu lote hapa duniani, mti mmoja. Na pembe ya mti mmoja iko wapi? Nikauzunguka kama ninavyoizunguka ile meza yangu ya Jumapili. Mwishowe nikakata shauri kwamba pembe yake ni matawi ya chini, yale yanayofikiwa na mtu aliyesimama ardhini.

Nikamkimbilia Bi Mize kabla hajavuka kibonde. Nikamshika mkono mpaka chini ya mti, nikaupandisha mkono wake ukagusa tawi. Akapapasa, akakuta vishada vimejaa, havijaguswa. Yeye ameokota za chini miaka yote hiyo, sidhani kama aliwahi kuchuma za mtini tangu macho yalipokwenda.

"Huu nti wa nani?"

"Wangu. Matawi ya chini ni yako. Hizi si mpeta, Bi Mize, chuma."

Akachuma. Hakunishukuru, na nilifurahi hakunishukuru. Jua lilipanda, mimi nikiwa juu na yeye chini, na kutoka kule juu nikamsikia anaimba taratibu, sijui maneno yake. Nikajikuta naingia na sauti ya pili, bila maneno. Hakuacha kuimba. Baba, nililia juu ya ule mti, na sioni haya kukuambia.

Kipakacha kilipojaa akanyoosha mgongo, akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Yahya. Ushakula?"

Nikasema, "Bado, Bi Mize. Sijala."

Akasema "Haya twende," kama mtu aliyekuwa akilingojea jibu hilo tangu niliposhuka melini. Nikamfuata ng'ambo ya kibonde. Aliketi mkekani, akafunua chungu, akapakua muhogo wa nazi na pweza mkavu wa Vitongoji, akauweka katikati, sahani moja. Akasema bismillahi yake. Nami nikafanya ishara yangu ya msalaba, hakuiona, lakini nadhani aliusikia mkono wangu ukipita kwenye shati, maana alingoja mpaka nilipomaliza. Tukala. Alikuwa akinisogezea vipande vya pweza kwa vidole, na havikukosea njia hata kimoja.

Hiyo ndiyo habari, Baba. Nimekula kwenye chungu cha watu, na tangu siku ile nimekula tena. Nitaondoka hapa karafuu zikishapakiwa. Ona mambo yalivyo: nimeanza kukaribishwa, na mzigo wangu nimeshaanza kuufunga. Usiku kibanda bado ni kitupu, na Jumapili bado nazunguka meza peke yangu. Lakini sahani ya Bi Mize itanisumbua zaidi nitakapokuwa mbali nayo, naijua tabia yangu.

Nisalimie Dada, mwambie sauti yake ya pili naitunza. Nisalimie Shangazi mwenye mwarobaini, na Mjomba mpiga kengele, asiivute kamba kwa nguvu kama anavuta ng'ombe. Mjane wa fundi seremala, ukimwona anapita karibu na mahindi, mpe salamu zangu za pekee, wala usimwambie sababu. Mama mwambie kitambaa chake bado ni cheupe.

Nawe Baba, niandikie kabla sijaondoka. Ukiona nimejitia unajisi, nikemee, mimi ni mwanao na kemeo lako nitalibeba mpaka nyumbani. Ila nakuomba kitu kimoja: usiniambie kwamba nilikuwa mtakatifu zaidi siku zile nilipokuwa na njaa nikisema nimeshakula.

Ni mimi mwanao, ambaye huku anaitwa Yahya, na ambaye anangoja kuitwa na wewe,

Yohana